Mkono Kwanza, Ndipo Mdomo

Watu wengine huogopa nyoka, wengine giza, wengine wakwe zao. Fundi Nusu aliogopa mkono wake mwenyewe. Si kwamba mkono ule ulikuwa na ubaya wowote. Ulikuwa mkono wa kawaida, umeingia grisi kwenye kucha, una kovu la kuungua karibu na kidole gumba. Tatizo ni kwamba hakuweza kuapa hata siku moja kuwa anajua ulichofanya. Kaufunga mlango au hakuufunga? Kazima jiko au hakuzima? Ukimwuliza hata kabla hajamaliza ngazi, atakutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini, atarudi kuhakikisha, na ukimfuata utamkuta amesahau alichorudia, amechuchumaa anachokonoa bawaba inayolia.

Jina la Nusu alipewa na marehemu mama yake, na halikuwa tusi, au tuseme halikuwa tusi sana. Akitumwa kufagia ua, alifagia nusu. Akipewa chai, alikunywa nusu, iliyobaki ikapoa dirishani mpaka inzi wakaikinai. Shuleni alifanya nusu ya maswali, tena yale magumu, mepesi akayaacha, na mwalimu akamtandika kwa kudhani anafanyiwa dharau. Ndugu na jamaa wakalidaka jina, likamganda. Hata yeye akipiga simu husema, "Ni mimi, Nusu," na hucheka. Si unajua mtu anavyoweza kuchekea kitu kinachomuuma.

Uvivu hakuwa nao, hilo nalisema kabla hujaanza kumhukumu, maana wapo waliomhukumu kutwa nzima wakiwa wamekaa, yeye amesimama anafanya kazi. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, akaondoka baada ya mikate ya asubuhi nzima kugeuka makaa. Akaingia kwa fundi wa kuchomelea, akachoma pazia, kiti, na nusura amchome fundi. Kila alipofukuzwa aliomba radhi kwa moyo wake wote, na moyo wake ulikuwa safi, lakini nani atakula moyo safi na mikate imeungua? Mwisho wa yote dada yake, mtu pekee aliyebaki naye duniani na ambaye alimpa chumba cha uani akae, alimgeukia mumewe akamwambia, "Mchukue mdogo wangu. Ukimwacha nyumbani atanichomea nyumba."

Huyo mume ndiye Shemeji. Alikuwa fundi wa lifti, mtu wa maneno machache na kitumbo kidogo, anayekunja tambara lake la kufutia mikono kama mtu anayekunja shuka la mgeni. Waliitana shemeji kwa shemeji mpaka watu wa kazini nao wakamwita hivyo hivyo, na utani wao ulikuwa wa kawaida ya mashemeji: huyu anamwambia yule kwamba alidanganywa siku ya kuoa, yule anajibu kwamba angejua mke anakuja na nyongeza angedai apunguziwe. Kwa kweli walipendana. Na kazi ya lifti ilimfaa Nusu, kila siku jengo jingine, ngazi za kupanda, kelele za kusikiliza. Hakuna mtu anayekuambia kaa kitako.

Kwa asiyewahi kuona lifti kwa ndani, nieleze kidogo. Juu kabisa, juu ya ghorofa ya mwisho, kuna chumba cha mashine. Humo mna mota, gurudumu kubwa linalozungusha kamba za chuma, na ukutani swichi kuu. Sakafu ina matundu ambamo kamba hupita kuteremka, na ukiinama kwenye matundu hayo ukaita, sauti yako inafika chini kabisa. Huko chini, chini ya mlango wa mwisho, kuna shimo. Fundi akitaka kukaza boliti za chini huteremka humo kwa kingazi cha chuma, na lile sanduku linalobeba watu linabaki linaning'inia juu ya kichwa chake. Sanduku hilo likiamua kushuka halibishi hodi.

Basi kanuni yao ilikuwa hivi. Wa juu anashusha swichi, anaitia kufuli ili mtu yeyote asiipandishe, kisha anaita, "Nimefunga." Wa chini anajibu, "Nimesikia," anateremka, na akifika anabonyeza kitufe chekundu kilichoko kwenye ukuta wa shimo, ambacho nacho kinaizuia lifti isiende popote. Kinga juu, kinga chini. Shemeji mwenye mikono ya utulivu alikuwa mtu wa chini. Mtu wa juu, aliyepewa kufuli, alikuwa Nusu. Naona umeshtuka. Hata mimi nilishtuka niliposikia.

Miaka ya mwanzo hakikutokea kitu. Kisha ikatokea ile ya mlango. Nusu alifungua mlango wa lifti kwenye ghorofa ya katikati ili atie mafuta kwenye reli, akakumbuka ameacha spana chini, akaifuata, njiani akamkuta mpangaji anahangaika na friji ngazini, akamsaidia, akasifiwa, akapewa maji ya kunywa. Huku nyuma mlango uko wazi, na nyuma ya mlango hakuna lifti, kuna kina tu. Akaja mama mmoja kinyumenyume, mtoto mgongoni, anaburuta sanduku la nguo. Shemeji alitokea kwenye kona akamdaka kwa gauni. Gauni likachanika, mama akamtukana Shemeji matusi ya nguoni kwa kudhani ni mshenzi, kisha akageuka akaona alipokuwa anakwenda. Akakaa chini pale pale.

Jioni ile Shemeji alikula, akalala mapema. Dada ndiye aliyesema. Alimfuata Nusu kule uani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika mkono, ule ule mkono. "Mdogo wangu, nakupenda, na hilo unalijua," akasema. "Lakini wanangu wana baba mmoja. Na kila asubuhi baba yao anaingia shimoni, wewe uko juu na ufunguo. Mimi nikisikia simu inalia mchana, roho inanitoka. Tafuta msaada, au niachie mume wangu."

Hapo ndipo hofu ilipoingia na kukaa. Kabla ya hapo Nusu aliona aibu, alijuta, alijilaumu, lakini hofu ni kitu kingine. Alianza kuota sanduku linashuka. Akiwa anakula mchana anasimama ghafla, tonge mkononi, na kuuliza, "Nilifunga?" ilhali kazi imekwisha tangu asubuhi.

Hospitalini daktari alimsikiliza, akamuuliza habari za utotoni, akacheka kidogo aliposikia habari za jina, kisha akamwambia ana ADHD. Herufi nne tu. Nusu aliishi na jambo hili tangu azaliwe, lilimchapisha viboko na kumfukuzisha kazi, kumbe lina jina fupi hivyo. Daktari akasema si uzembe wala si laana, ubongo wake ndivyo ulivyoundwa, umakini upo tele lakini hauendi anakouelekeza. Akasema vidonge vipo na vimewafaa wengi, ila mapigo ya moyo wa Nusu hayakumridhisha, hivyo hangempa. Akamwelekeza kwa mshauri, mlango wa mwisho kwenye kibaraza.

Mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, na chumba chake hakikuwa na kitu ukutani, hata kalenda. Alimweka mbele ya kompyuta. Likitokea duara la bluu, bonyeza. Likitokea la njano, acha. Mwanzoni Nusu alibonyeza yote, bluu, njano, na mara moja akabonyeza mezani. Lakini mchezo ulimnogea. Ukimpa Nusu kitu kinachomnogea utamkuta hapo hapo kesho. Baada ya muda alama zake zilipanda mpaka mashine ikamwimbia kijiwimbo cha ushindi, akatoka pale kifua mbele, akamaliza kibaraza chote ndipo akagundua hana viatu.

Aliporudi kuvichukua mshauri alikuwa amevipanga mlangoni. "Umekuwa hodari wa maduara, baba," akamwambia. "Nisikudanganye. Mchezo huu utakufanya mjuzi wa mchezo huu. Kazini kwako kuna duara la bluu?"

"Hakuna, mama. Kuna kufuli."

"Basi tufanyie mazoezi kufuli."

Ndivyo walivyoanza upya. Akamfundisha kukimbia kidogo asubuhi kabla ya kazi, mwili uchoke ndipo kichwa kitulie. Akamkataza simu kitandani, na Nusu akaona usingizi ni kitu kitamu ambacho watu walikuwa wanamficha. Alimwambia atafute mtu wa kukaa naye anapofanya shughuli zinazochosha, mtu asiyefanya lolote, akae tu, na Dada akawa anakuja uani na mchele wake wa kuchambua wakati Nusu anasafisha vifaa. Lakini kubwa lilikuwa lile la mkono na mdomo. "Mkono kwanza, ndipo mdomo," mshauri alimwambia. "Gusa kufuli. Lisikie ubaridi wake. Kidole kikiwa bado kipo pale, ndipo useme 'Nimefunga.' Usiseme kabla ya kugusa, hata kwa utani. Maneno yasiwe ya kumjulisha mwenzako tu. Yawe ya kukuamsha wewe."

Alimpa na onyo, na hili ulishike. Alisema maneno yakizoeleka hulala. Siku Nusu atakapoona yanatoka yenyewe, ayabadilishe, aseme mengine, na arudi kwake wapange upya.

Njia ile ilifanya kazi. Nusu alipanda, akashusha swichi, akatia kufuli, akaligusa, akasema. Alishuka, na njiani hakurudi kutazama tena. Wapwa zake walianza kumtania kwamba sasa ni Mjomba Mzima. Dada aliacha kushtuka simu ikilia. Hata bosi wao, mtu ambaye sifa kwake ni sawa na kung'olewa jino, alisema siku hizi kazi inatoka salama. Nusu akaacha kwenda kwa mshauri. Hakugombana naye, alikwenda mara moja akakuta foleni, akaahirisha, akaahirisha tena, halafu si unajua. Na maneno hakuyabadilisha, maana Shemeji alikwishayazoea. Wao wawili waliitana kama watu wanaopeana salamu. Nimefunga. Nimesikia. Nimefunga. Nimesikia.

Hofu peke yake ndiyo haikuondoka, na hakumwambia mtu. Zamani aliogopa kwa sababu alikuwa anakosea. Sasa aliogopa kwa sababu hakosei. Alijiona kama mtu aliyeazimwa nguo nzuri, anayetembea akisubiri mwenyewe aje kuidai.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, jengo la ofisi wanalolirudia kila mwezi, lifti kuukuu, boliti za puli, lile gurudumu dogo la chini shimoni, zimelegea. Walipandisha sanduku juu kidogo ili Shemeji apate nafasi. Waliweka vibao vya kuzuia watu kwenye milango, ingawa watu wa ofisini kibao hukisoma baada ya kubonyeza. Nusu akapanda na kufuli lake mfukoni. Alipofungua chumba cha mashine alisikia tone. Likadondoka jingine. Mafuta yalikuwa yanavuja chini ya mota, doa jipya, linang'aa, na Nusu akainama kulitazama maana linatoka wapi, hapa ni nati au ni mpira umekatika, akapitisha kidole, akakinusa. Mafuta mapya. Alijisemea kwamba lazima alete tambara na spana ndogo kutoka kwenye mkoba.

"Nimefunga," akasema.

"Nimesikia," ikajibu sauti ya Shemeji kutoka chini.

Nusu akatoka. Alishuka ngazi akiwaza mpira, akiwaza nati, akatia mkono mfukoni kutafuta tochi.

Akashika kitu cha baridi.

Kwanza hakuelewa. Kidole kililizunguka kufuli kama kinavyolizunguka kila siku, na mwili wake, uliofundishwa vizuri, ukataka kusema lile neno. Ndipo akili ikafika. Kufuli lipo hapa. Kama lipo hapa, haliko kule. Na swichi je? Aliishusha? Alijaribu kuuona mkono wake ukiishusha na hakuona mkono, aliona doa la mafuta.

Nyuma yake, juu, mota ikaunguruma.

Sijui alipandaje zile ngazi, na yeye hajui. Anachokumbuka ni kamba zinapita kwenye gurudumu, laini, bila haraka, zinateremsha sanduku kwa mtu fulani wa ghorofa ya chini aliyebonyeza bila kusoma kibao. Aliipiga swichi kwa kiganja. Gurudumu likasimama. Kukawa kimya, na katika kimya kile tone la mafuta likadondoka tena.

Akapiga magoti kwenye matundu. "Shemeji."

Hakuna.

"Shemeji, jibu."

Hakuna. Alimwona Dada amekaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliona wapwa zake, mdogo anayelala na mkono kwenye sikio la baba yake. Alitaka kushuka mbio, halafu akakumbuka kufuli, akalitia, akaligusa, akasema kwa sauti ya kukauka, "Nimefunga, nimefunga," akashuka ngazi moja akarudi kuligusa, akashuka akarudi tena. Kila aliporudi lilikuwepo, na hakuliamini.

Alipoufungua mlango wa chini kwa ufunguo wa mafundi, aliona tumbo la sanduku limejaa pale palipokuwa na nafasi, na chini yake giza. Alilala kifudifudi akamulika. Shemeji alikuwa amejilaza chali kwenye sakafu ya shimo, katikati ya vumbi na grisi, uso umegeukia pembeni, mikono imebanwa mbavuni. Kati ya kitumbo chake na chuma ungeweza kupitisha mkate, usingeweza kupitisha mtoto.

"Shemeji."

Midomo ilichezacheza kwanza. "Nipo," akasema. "Nitoe taratibu."

Alimvuta kwa mabega. Alipokuwa amekaa kwenye kibaraza, mgongo ukutani, Shemeji alitoa tambara mfukoni akajifuta uso, akajaribu kulikunja, likamshinda, akaliacha magotini. Nusu alisubiri atukanwe. Alitamani atukanwe. Angepigwa angeshukuru.

"Uligusa?" Shemeji akauliza.

"Sikugusa."

"Lakini nilikusikia."

"Mdomo ulisema peke yake." Nusu alianza kulia, na hakujificha. "Nilikuwa natazama mafuta. Mdomo ukasema, Shemeji. Mimi sikuwepo."

Shemeji aliutazama mlango wa shimo. "Mlango ukiwa wazi lifti haiendi, lakini niliurudisha nyuma yangu, watu wasije wakatumbukia," akasema, kana kwamba anajieleza yeye. "Na kitufe changu sikubonyeza. Kimekaa kona mbaya, nyuma ya springi ya kupokea sanduku. Nilikusikia, nikaona yatosha."

"Ni leo tu hukubonyeza?"

Shemeji alilishika tambara lake. Akasema, "Dada yako asijue kabla hatujamwambia sisi wenyewe. Tutamwambia wote wawili. Sasa tumalize hizo boliti, watu hawawezi kupanda lifti ya namna hii."

Nusu alishangaa. Lakini ndivyo watu wa kazi walivyo, wakishtuka hukimbilia kwenye kazi. Alipanda akalipandisha sanduku, akashusha swichi, akalitia kufuli, akaligusa, akarudi. Na aliporudi alimkuta Shemeji amesimama mlangoni mwa shimo, mguu mmoja kwenye kingazi, mwingine kibarazani. Alijaribu kushuka. Mguu ulikataa. Alivuta pumzi, akajaribu tena. Ukakataa.

"Hebu ngoja," Shemeji akasema. Kisha akasema tena, kwa sauti ndogo ambayo Nusu hakuwahi kuisikia kwake, "Siwezi."

"Nitashuka mimi," Nusu akasema. "Wewe nenda juu. Lifungue kufuli langu, ufunge wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Mimi sitaki tena kuwa wa juu."

Walitazamana. Shemeji akachukua ufunguo, akaenda, na Nusu akabaki mlangoni akimsikiliza anavyopanda, polepole, akipumzika kila ghorofa. Muda ule ulikuwa mrefu. Alikuwa hajawahi kuujua. Miaka yote alikuwa yeye anayepanda, yeye mwenye shughuli, anaita na kushuka. Hakuwahi kujiuliza mtu wa chini hufanya nini wakati huo. Kumbe hafanyi kitu, anasubiri tu.

"Nimefunga," sauti ya Shemeji ikashuka kupitia matundu.

"Nimesikia," Nusu akajibu, na akateremka, kwa sababu hilo ndilo jibu, na baada ya jibu mtu huteremka.

Shimo lilikuwa na ubaridi na harufu ya mafuta ya kale. Akainua uso akaliona tumbo la sanduku juu yake, pana, jeusi. Akapapasa nyuma ya springi kutafuta kitufe. Vidole vilikipata, vikakishika, na akavirudisha kwenye mwanga wa tochi. Vilikuwa vimejaa vumbi. Si vumbi la jana. Lilikuwa vumbi zito, limegandana na grisi kama sufi, la kitufe ambacho hakijaguswa tangu Nusu alipoanza kusifiwa.

Akakaa chini pale pale. Siku zote hizo. Wakati wapwa wanamtania, wakati Dada ameacha kushtuka, mume wake alikuwa anaingia chini ya chuma kile bila kinga nyingine yoyote ila neno moja la Nusu, na hakumwambia, labda kwa kutotaka kumwogopesha. Yeye aliyefikiri anaibeba hofu peke yake. Alikibonyeza kitufe kwa gumba mpaka kikalia, akaendelea kukikandamiza, na bado hakuamini. Mlango uko wazi, kitufe kimeingia, mwenzake amefunga, na bado alikuwa analitazama sanduku.

"Shemeji," akaita juu. Sauti yake ilipanda gizani. "Umegusa?"

Yule aliyekunja matambara maisha yake yote, asiyesahau hata siku ya chanjo za watoto, alikuwa kimya kule juu.

Kisha Nusu akasikia viatu kwenye sakafu ya chumba cha mashine, vinarudi upande wa swichi.